Nililinda Mlango wa Mbele

Kama hukuwa nami wiki jana, kaa kitako nikujuze upesi, maana leo sina subira ya kurudiarudia. Mimi ni Kathini, Mkamba wa kuzaliwa Voi. Niliolewa na Mtaita, Thadeus, tukajenga nyumba yetu hapa Mraru, kando ya barabara ya kwenda Taveta. Mwaka jana Thadeus aligongwa na lori mchana kweupe akivuka kwenda kununua mkate. Tangu tumzike, kaka yake Geoffrey hataki kuniona ndani ya nyumba hiyo. Anataka nitoke ampangishe mtu wa kufungua baa.

Mliniacha jikoni. Geoffrey alikuwa ameupiga mlango mateke hadi bawaba zikang'oka, ameingia na panga, na mimi nimesimama mbele ya binti yangu Shanice. Sufuria ya pure, mahindi na maharagwe, ilikuwa inatokota jikoni kando yangu.

Wengi mmeniuliza nilifanya nini. Nilimmwagia.

Sikupima wala sikulenga. Niliishika sufuria kwa mikono mitupu nikaipindua shingoni na kifuani mwake. Viganja vyangu viliungua, lakini yeye aliungua zaidi.

"Uuuwi! Kathini, umeniua!"

"Bado!" nikamjibu.

Usinicheke. Ukiwa na mtoto nyuma yako na panga mbele yako, adabu inakwenda zake.

Geoffrey alipunga panga huku amefumba macho kwa maumivu. Lilinipata begani kwa bapa, ndiyo maana mkono huu bado ninao. Nilianguka juu ya mahindi yaliyomwagika. Kabla sijainuka alikuwa amenishika nywele, amezizungusha mkononi, ananivuta kuelekea mlangoni.

"Leo unatoka! Utatoka kama gunia!"

"Niue basi! Niue uone kama utaishi humu!"

Alinipitisha juu ya kizingiti, kichwa kinagonga saruji. Akanibwaga barazani, akaanza kunipiga mateke ya mbavu. Barabarani malori yalikuwa yamepunguza mwendo. Madereva wanatoa vichwa dirishani kutazama, mmoja hata anapiga honi. Kumbe mimi ni sinema!

Aliyekuja si mwanamume. Alikuja Shanice, kidato cha tatu, mwembamba hata upepo ungemchukua. Alitoka na mchi wa kinu akampiga baba yake mkubwa mgongoni, pu! Geoffrey alipogeuka, mtoto alimrukia shingoni penye malengelenge na kumng'ata sikio. Alilikamata kwa meno kwelikweli, hakuachia.

Nimesikia wanaume wakilia. Sijawahi kusikia mmoja akilia vile.

Hapo ndipo Munyoki alipofika. Munyoki ni fundi wa pancha, kibanda chake kiko ng'ambo ya barabara. Alikuja mbio na kile chuma cha kubandulia matairi.

"Geoffrey! Weka panga chini! Ukimgusa tena huyu mama nakuvunja miguu, haki ya Mungu nakuvunja!"

Geoffrey aliangalia chuma, akaangalia watu waliokuwa wamejaa, akashika sikio lake lililokuwa linavuja damu. Akaliangusha panga, akarudi nyuma.

"Hii nyumba nitaichoma," akasema. "Nitaichoma na nyinyi mkiwa ndani. Huyu Mkamba wenu muulizeni kama ana mtoto wa kiume. Muulizeni!"

Nilitema mate yaliyochanganyika na damu. "Kaulize kaburi la ndugu yako!"

Kesho yake naibu wa chifu, Nicholas, alikuja kwa pikipiki. Ni mtu wa maneno machache, tena mwoga wa fujo. Alitazama mlango uliolala sebuleni, akatazama jicho langu lililofumba, akatikisa kichwa.

"Mama Shanice, ukitaka twende polisi, tutaenda. Lakini wewe ulimchoma mtu, na binti yako amemla mtu sikio. Wote mtaingia ndani."

"Sasa nifanye nini? Nifunge virago?"

"Nani amesema ufunge virago? Nisikilize vizuri. Kaburi la mumeo liko nyuma ya hii nyumba. Kaburi likiwa hapo, hakuna mzee wa ukoo atakayesimama mbele yangu aseme wewe si wa hapa. Angekuwa amezikwa juu milimani, shamba hili wangesema ni la baba yao, na mimi ningeshindwa kukusaidia. Kwa hivyo kaa. Nitamwita mama yao ashuke, muyamalize kinyumbani."

Maneno hayo yaliniponya kuliko dawa. Nilikwenda nyuma ya nyumba, nikakaa kando ya Thadeus, mawe yamepangwa vizuri na msalaba wa mbao umesimama. Nikamwambia, "Baba Shanice, hata ukiwa umelala unanifanyia kazi." Nililia kidogo. Nikafuta kamasi nikaenda kuosha mahindi sakafuni.

Mama Tryphena, mama mkwe wangu, alishuka kutoka Mgange, kwao juu milimani, siku ya Jumamosi asubuhi. Ni mama wa kanisa, mwembamba, kitambaa cheupe kichwani, hainui sauti hata akiudhika. Hakuwa amekanyaga Mraru tangu mazishi. Siku ile ya mazishi alikaa chini ya hema bila kula, na wakati wa kutupa udongo hakutupa. Mimi nilidhani ni uchungu wa mzazi.

"Karibu, mama. Ingia upate chai."

"Chai baadaye. Nionyeshe mwanangu."

Nikampeleka nyuma. Alisimama pale muda mrefu. Lori la mchanga likapita, ardhi ikatetemeka, akatazama barabara kisha akatazama mawe.

"Analala na kelele hii?"

"Alizoea, mama. Mwenyewe alisema akifa azikwe karibu na nyumba yake."

"Alikwambia wewe."

"Aliniambia mimi, ndiyo."

"Mimi hakuniambia."

Hapo nilipaswa kushtuka. Lakini mimi macho yangu yote yalikuwa kwa Geoffrey, aliyekuwa anakuja na bandeji shingoni, sikio limeshonwa, anatembea kama mtu aliyevaa shati la upupu.

Sasa nieleze jambo moja kwa wale wasiowajua Wataita. Wana kitu kinaitwa kutasa. Watu wa nyumba moja wakiwa na hasira, kila mwenye hasira anachukua funda la maji au pombe, anasema yaliyo moyoni mwake, kisha anayapuliza yale maji nje, fyuu, yatawanyike kama manyunyu. Hasira imetoka; ukiyameza, imebaki. Ukishayapuliza huwezi kurudia ugomvi ule, maana ukirudia madhara yatakurudia wewe na watoto wako. Hata watu wa kanisa, mambo yakizidi, wanarudi hapo.

Mama Tryphena aliketi uani kwenye kigoda, kibuyu cha maji mapajani. Pombe hagusi. Tuliokuwepo ni yeye, Geoffrey, mimi, Shanice, na Munyoki kama shahidi wangu, kwa sababu nilikataa kukaa na Geoffrey bila mtu mwenye chuma karibu.

"Geoffrey, anza," mama akasema.

Nilimkazia macho Geoffrey. Nilisema moyoni, huyu nyoka akimeza nitamwona. Sikuangalia kitu kingine chochote duniani isipokuwa koo la mtu yule.

Geoffrey alichukua kibuyu.

"Mimi Geoffrey," akasema, "nilimwonea wivu ndugu yangu akiwa hai. Yeye alijenga, mimi sikujenga. Amekufa, nikaona nijenge kwa kubomoa. Nimempiga mke wake mbele ya watu. Hasira niliyokuwa nayo kwa shemeji, kwa huyu mtoto na kwa nyumba hii, itoke. Wakae. Wapone."

Akapiga funda, akapuliza. Maji yalimwagika mbele yake yote, mengine yakanilowesha miguu. Halafu lile jitu lililonivuta nywele likaketi chini likalia kwa sauti.

Nilikuwa nimejiandaa kwa hila, sikujiandaa kwa machozi.

Zamu yangu ilipofika nikachukua funda kubwa. "Mimi nilitaka afe," nikasema. "Nilipomwaga ile pure nilitaka afe. Itoke." Nikapuliza kwa nguvu zote, na mengi yakamwangukia Geoffrey usoni. Munyoki akacheka, Geoffrey mwenyewe akacheka katikati ya kilio. Shanice naye akapuliza, akasema hasira yake imetoka lakini sikio hataomba msamaha. Tukacheka tena.

Mwisho mama Tryphena akakinywea kibuyu. Akafuta mdomo kwa ncha ya kitambaa, akakiweka chini.

"Basi. Imekwisha."

Shanice alinivuta nguo. "Mama," akaninong'oneza, "nyanya amemeza."

"Nini?"

"Maji. Amemeza. Hajapuliza."

"Shh! Nyamaza, mtoto! Mzee amesikia kiu. Huoni jua lilivyo?"

"Lakini baba alisema..."

"Nimesema nyamaza!"

Kwetu Ukambani mzee anayesimamia mapatano hana ugomvi wake. Kazi yake ni kusimamia na kubariki. Ndivyo nilivyolelewa, na ndivyo nilivyofikiri. Damu ya Kitaita ilikuwa ndani ya binti yangu, yeye aliona, na mimi nikamfunga mdomo.

Jumatatu Geoffrey alikuja na mbao na misumari. Alitengeneza mlango mpya, mzito, wa kutisha.

"Huu hata ndovu hataupiga teke," akajisifu.

"Wa kwanza uliupiga wewe, ndovu mwenyewe."

"Shemeji, jamani! Si tumetasa?"

"Tumetasa. Lakini mdomo wangu haukutasa."

Tulikunywa chai. Alimwuliza Shanice masomo, akamwambia hesabu zikimshinda asimwulize yeye. Alipoondoka nilikaa barazani nikitazama mlango wangu mpya, nikasikia kitu kama furaha. Lo! Furaha ya mtu mjinga ina ladha nzuri sana.

Alhamisi mchana, jua la kutoboa utosi, Munyoki alivuka barabara mbio, mikono ina mafuta meusi.

"Kathini! Nimetoka Mwatate sasa hivi kuchukua matairi. Nimemwona shemeji yako kwenye njia panda."

"Na kuna ubaya gani?"

"Amesimama na vijana, wako na pikapu. Ndani ya pikapu kuna jembe, sururu na mitaimbo. Wanaongea kwa mikono, hivi, hivi, wanaonyesha huku. Na mama yake amekaa mbele kwa dereva."

Damu ikanipanda hadi masikioni. Mitaimbo ni ya kubomolea nyumba. Sururu ni ya kubomolea nyumba. Yaani alilia, akapuliza maji, akanitengenezea mlango, kumbe alikuja kupima kuta!

"Mwite Nicholas," nikasema.

"Simu yake haipatikani. Nimejaribu njiani."

"Basi chukua pikipiki ya mtu umfuate. Kimbia!"

Munyoki akakimbia. Mimi nikamvuta Shanice ndani, nikafunga mlango, nikatia komeo. Kisha nikasukuma kochi nyuma ya mlango. Juu ya kochi nikapandisha meza. Nyuma ya meza kabati la vyombo. Nyumba yetu ina mlango mmoja tu, na madirisha yana vyuma. Thadeus alisema nyumba ya barabarani lazima iwe hivyo kwa sababu ya wezi. Nikachukua panga, lilelile Geoffrey aliloliacha siku ile, nikasimama nikihema.

"Mama, tupige nduru watu waje."

"Watakuja kutazama kama walivyotazama juzi. Kaa jikoni, shika mchi. Akiingia mtu, piga magoti kwanza, usipige kichwa."

"Mama, mimi naogopa."

"Na mimi naogopa. Shika mchi."

Pikapu ikaja. Niliisikia ikiacha lami, ikakanyaga kokoto, ikazima. Milango ikafunguka. Miguu mingi. Sauti za vijana. Sauti ya Geoffrey ikawa juu kuliko zote, lakini maneno sikuyapata, kwa sababu lori la trela lilikuwa linapita.

Nikainua panga. Nikangoja teke la kwanza.

Halikuja.

Nikangoja. Jasho linaniingia machoni, bega lenye jeraha linawaka. Miguu ikapita mbele ya baraza, ikapinda kona. Nikajiambia, wanataka kuanza na ukuta wa nyuma, waoga hawa. Nikatega sikio. Kimya. Halafu nikasikia kishindo, chuma kinagonga jiwe. Kikagonga tena. Watu wakaanza kupigana, nikasikia mtu anapigwa, buu, na mwingine anatukana kwa Kidawida, lugha ya Wataita.

"Mama!" Shanice alipiga kelele kutoka dirisha la jikoni. "Mama, wako kwa baba! Wanachimba kwa baba!"

Sikuelewa, kisha nikaelewa yote kwa mara moja. Nyumba hawakuitaka. Walikuja kumchukua Thadeus. Na Thadeus akitoka pale, naibu wa chifu hana la kusema, na mimi na mtoto wangu tuko barabarani.

Nikashika kabati, nikavuta. Halikusogea. Nilikuwa nimelisukuma kwa nguvu za hofu, sasa nguvu zile sikuzipata. Nikalipindua, sahani zote tulizopewa siku ya harusi zikavunjika miguuni pangu. Nikavuta meza ikakwama kwenye kochi. Nikapanda juu, nikasukuma kwa miguu, nikalia, nikatukana mlango, nikamtukana fundi wake. Shanice alikuwa bado dirishani ameshika vyuma, anapiga kelele mfululizo, "Acheni! Mwacheni! Mwacheni!"

Nilidhani anawaambia wamwache baba yake.

Komeo likatoka. Nikapenya kwenye ufa, msumari ukanichana paja, nikatoka nje na panga. Nikazunguka kona.

Hivi ndivyo nilivyoona, na Mungu ni shahidi. Mawe yote yametupwa pembeni. Msalaba umelala. Shimo limefika magotini. Vijana wamesimama ukingoni. Na ndani ya shimo la mume wangu, amesimama Geoffrey, shati limechanika, ameinua jembe juu kwa mikono miwili.

Sikuuliza. Nilipiga.

Panga lilimwingia kati ya shingo na bega, upande uleule wa malengelenge. Liliingia kwa urahisi ambao sitausahau. Nikalivuta, damu ikaruka ikanipiga mdomoni. Jembe likamwanguka. Aligeuka akaniangalia, hakukasirika, alishangaa tu.

"Shemeji," akasema. Akakaa chini polepole ndani ya shimo.

"Mama, siyo yeye!" Shanice alikuwa amefika, ameshika kichwa kwa mikono yote miwili. "Siyo yeye! Yeye alikuwa anawazuia! Nimekuwa nikikuita! Alimnyang'anya yule jembe, wakampiga, akaingia ndani ya shimo akasema hakuna mtu atashuka! Mama, siyo yeye!"

Nikatazama. Kijana mmoja alikuwa amekaa chini anashika mdomo, damu imejaa vidoleni. Mwingine anachechemea. Pale njia panda, wakati Munyoki alipoona mikono inapaa, Geoffrey alikuwa anabishana nao. Alikuwa anawaambia hapana. Na walipokataa, alipanda pikapu ili aje awazuie hapa.

Panga likanidondoka.

Mama Tryphena alikuwa ameketi juu ya jiwe moja la kaburi, mikono mapajani, kitambaa cheupe kichwani. Hakupiga yowe. Alimtazama mwanawe ndani ya shimo, midomo ikamcheza, kisha akanitazama mimi.

"Unaona," akasema. "Na huyu umenichukulia."

"Mama, kwa nini? Ulikaa pale na kibuyu! Ulisema imekwisha!"

"Yenu iliisha. Yangu hamkuniuliza." Sauti yake ilikuwa ileile ya chini. "Geoffrey alitaka baa tu, kichwa chake ni kidogo. Mimi ndiye niliyemwambia akutoe. Aliposhindwa na maji ya kibuyu, nikatafuta wengine. Mwanangu wewe ulimzika kama mbwa wa barabarani, nami nimekaa chini ya hema kama mgeni. Baba yake amelala Mgange. Babu yake amelala Mgange. Leo anakwenda kwao. Na akishatoka, hii nyumba yako kesho inavunjwa, na huyo Nicholas ataniambia nini?"

"Mama, mwanao anakufa! Huyu hapa! Huyu aliye hai!"

Geoffrey alikuwa anajaribu kuinua mkono kujishika shingo, mkono unaanguka. Damu ilikuwa inatoka kwa mapigo, inaingia kwenye udongo uliochimbwa. Uso wake ulikuwa umeanza kuwa wa kijivu.

Niliruka ndani ya shimo. Nikavua leso kiunoni, nikaikunja, nikaikandamiza kwenye jeraha. Ikalowa papo hapo. Nikaweka mikono yote miwili juu yake na kulalia uzito wangu wote. Damu ikapungua.

"Usiachie," Geoffrey akasema, meno yanagongana. "Shemeji, usiachie."

"Siachii. Nyamaza, usiongee. Shanice! Kimbia barabarani! Simamisha gari lolote! Lala mbele ya lori ikibidi, simamisha!"

Shanice akakimbia. Nilimsikia akipiga nduru kule mbele, na lori likapita bila kusimama, na jingine likapita, wala Munyoki na Nicholas hawakuonekana.

Vijana wale walikuwa wamerudi nyuma, mmoja ameanza kuondoka. Nikafikiri, Mungu mkubwa, angalau wameona aibu. Angalau hiyo imekwisha.

Mama Tryphena alisimama kutoka kwenye jiwe. Akajikung'uta vumbi la gauni.

"Mbona mmesimama?" akawauliza. "Hawa wako upande wa kichwa. Anzeni upande wa miguu."

Walitazamana. Nikawatazama mmoja mmoja, sikuwa na mkono wa kuwatupia hata jiwe. Niliinua kiganja kidogo tu, nione kama damu imekatika, nayo ikaruka tena hadi kwenye kidevu changu. Nikakandamiza. Panga langu lilikuwa juu ukingoni, karibu kabisa, ningenyoosha mkono mmoja ningelishika.

"Msiguse!" nikapiga kelele. "Mkigusa hapo nawaua wote! Mnanisikia? Nawaua!"

Yule mwenye mdomo uliopasuka alinitazama vizuri. Aliona mikono yangu ilipo. Akatema damu pembeni, akaokota sururu, akashuka ndani ya shimo upande wa pili, karibu na miguu yangu, nami nikiwa nimemshika Geoffrey shingo kwa mikono yote miwili, akaanza kuchimba.